Njia Inayopita kwa Baba Mkubwa

Sechelela mwanangu,

Leo baada ya chakula uliniuliza swali moja, nami nikajifanya nasikiliza redio. Ulisema, "Mama, kesho nipite njia ipi?"

Najua hukuwa unauliza barabara. Kijiji chetu hiki cha Zuzu umekizunguka tangu miguu yako haijafika kwenye klachi. Njia moja inapita mbele ya nyumba ya baba yako mkubwa Yona, na nyingine inazunguka kando ya reli, ndefu na yenye mashimo. Ulikuwa unauliza kama nitakubali usimame mlangoni kwa Yona, umpakie kwenye gari letu, umfikishe hospitali mjini, ndipo uendelee na safari yako ya Kondoa.

Sikukujibu kwa sababu jibu lililonijia lilikuwa baya, na sikutaka liwe neno la mwisho ulilolisikia mezani kwangu. Nimechukua kalamu ili niliseme taratibu. Kuhusu chakula, na kufunga milango, na vijana wa huko uendako, sikuandikii kitu. Afisa mifugo mwenye cheti chake, anayekwenda kuanza kazi, hahitaji kukumbushwa kuchemsha maji.

Nitakuandikia kuhusu landrova, kwa kuwa sasa ni yako, na hujawahi kuambiwa ukweli wake wote.

Kanisani wanasema niliifufua kwa ajili ya upendo. Mchungaji alinitoa mfano siku moja mbele ya watu, mjane aliyeitunza kumbukumbu ya mumewe, nami nikainamisha kichwa kama mnyenyekevu. Nilimpenda baba yako, hilo halina ubishi. Lakini upendo haukunishikisha spana. Mtu anayependa hukaa akaangalia picha. Mimi nililala chali chini ya chuma kilichooza, mchanga ukiniingia machoni, kwa sababu nilitaka Yona aumie.

Ulikuwa mdogo siku ya kuanua tanga la baba yako, ulikuwa unacheza na watoto wenzako nyuma ya jiko. Wanaume wa ukoo walikaa kwenye viti vya kukodi, sisi wanawake kwenye mikeka. Yona, kaka mkubwa wa baba yako, ndiye aliyekuwa msemaji. Alianza na mimi.

"Mke wetu haendi popote," alisema. "Nyumba yangu ina nafasi. Ataingia, watoto watakuwa wamoja."

Mama yako mkubwa, mke wake, alikuwa amekaa karibu nami. Niliona mkono wake ukishika upindo wa kanga na kuubana. Nikasimama. Nikasema, "Shemeji, mimi si jembe, kwamba mwenye nalo akifa anayemfuatia analibeba begani."

Yona alicheka kidogo, kicheko cha puani. "Sawa. Asiyetaka kuwa wa ukoo, asile vya ukoo." Akagawa pale pale. Ng'ombe wakaenda kwake. Shamba la zabibu, ambalo mimi na baba yako tulilimwagilia kwa ndoo tangu miche ikiwa kama njiti, likaenda kwake. Shangazi yako alijaribu kunitetea kwa sauti ya chini: "Na Mama Seche je, kaka? Ana mtoto."

"Mpeni lile banda la kuku," Yona akasema.

Banda la kuku lilikuwa landrova ya baba yako. Injini yake ilikuwa imekufa muda kabla ya yeye mwenyewe, ikavutwa mpaka nyuma ya nyumba ya Yona ingoje fundi, na huko kuku wakahamia. Watu walicheka. Yona akaona wanacheka, akaongeza: "Lina magurudumu, litamfikisha kwao! Na siku atakayoliwasha, mimi hapa, na mvi zangu hizi, nitamwamkia shikamoo."

Hata shangazi yako alicheka. Sikumlaumu. Lakini mimi niliyachukua maneno yale nikayaweka mahali ambapo watu wengine huweka sala.

Tuliikokota nyumbani kwa ng'ombe wa jirani, wamefungwa minyororo kwenye bampa. Uliomba ukae kwenye usukani. Ulipita katikati ya kijiji ukipiga honi kwa mdomo, na watu wakatoka kuangalia. "Mama Seche, umeolewa na chuma chakavu?" "Dereva, tushushe kwenye kona!" Wewe uliwapungia mkono wote, hukujua kwamba wanatucheka. Mimi nilijua, na niliwahesabia mmoja mmoja.

Unakumbuka hali yake. Mchwa walikuwa wamejenga kichuguu pale dereva anapoweka miguu. Viti vilikuwa vimebaki waya. Nilikuwa napika chakula Mtumba, kwenye mji wa serikali, kwa watumishi wa wizara, na nikishaosha masufuria nilikuwa napitia mjini kwenye duka la spea la mzee Karim. Mara ya kwanza nilipomtajia vitu ninavyohitaji, aliweka miwani juu ya paji la uso akanitazama.

"Mama, hili gari ulinunua au ulilaaniwa?"

"Nimerithi."

"Ah. Basi ndiyo hayo hayo."

Lakini alinionyesha. Aliniambia nisimlipe fundi kwa kitu ninachoweza kukifungua mwenyewe, akanichorea kwenye boksi la chujio jinsi ya kuilegeza injini iliyokamata kwa kutu. Tulizitoa nozeli, tukamimina dizeli iliyochanganywa na oili ndani ya silinda, tukaiacha ilowane. Kila ulipotoka shule tulishika bomba la chuma tulilolipachika kwenye injini, wewe mwisho huku na mimi mwisho kule, tukajaribu kuizungusha. Haikutikisika. Kesho yake tena. Nilikuwa nikisukuma lile bomba naona uso wa Yona. Wewe uliniuliza, "Mama, unaongea na nani?" nami nikasema naomba Mungu.

Siku ilipozunguka, upana wa kidole tu, ulipiga kelele ukakimbia uani kote kama umepata zawadi. Mimi nilikaa chini. Nilichowaza ni kwamba sasa Yona ataanza kulala vibaya.

Na hapa ndipo nilipokosea, mwanangu. Sikukosea kwa kumchukia. Hilo sijalitubu na sikudanganyi. Nilikosea kwa kumruhusu apange kazi yangu.

Bodi ya landrova ni ya bati lisiloshika kutu. Ukilisugua msasa na kulipaka rangi, linang'aa kama jipya, na mtu anayepita barabarani haoni kingine. Kutu inakaa chini, kwenye chesisi, mahali ambapo lazima ulale kifudifudi uione. Mzee Karim alinionya nianze chini. Fundi Hamisi, aliyekuwa anakuja Jumapili kutusaidia kufunga vitu vizito, alinionya. "Mama Seche, huku chini ukigonga na nyundo inaingia kama mkate." Mimi nikasema tutaishughulikia baadaye. Kipaimara chako kilikuwa kinakaribia, na Yona angekuwa amekaa barazani kwake, na nilitaka anione nikipita. Nani anaangalia chesisi ya gari linalopita? Kwa hiyo nilinunua rangi. Buluu, ileile aliyoipenda baba yako. Watu wakasema tena ni upendo.

Tulipita, tukaonekana. Yona alisimama barazani na kikombe chake cha chai mkononi, nami nikaendesha taratibu sana ili asikose kitu. Wewe ulikuwa na gauni jeupe. Kwenda kulikuwa kuzuri. Wakati wa kurudi, pale kwenye mteremko wa mbele ya nyumba ya Yona, shikizo la springi ya nyuma likang'oka kwenye ile chesisi iliyooza. Gari likalala upande, likaingia mtaroni, na wewe ukagonga mlango kwa bega. Niliusikia mfupa.

Unafikiri nakumbuka nini zaidi ya sauti ile? Nakumbuka kwamba kitu cha kwanza nilichofanya, kabla sijakugeukia, niligeuza shingo kuangalia kama Yona ameona.

Ilikuwa kwa muda wa kupepesa jicho tu. Kisha nilikubeba, nikakufunga bega kwa kilemba changu, nikakimbia nawe kutafuta usafiri. Lakini nilitazama kule kwanza. Wewe ulikuwa unalia ukiniita, na mimi nilikuwa naangalia baraza la mtu. Tangu siku ile nimejua kipimo changu. Kama unahitaji kujua hasira yako imefika wapi, usijiulize unamchukia nani. Jiulize macho yako yanakwenda wapi kwanza.

Baada ya hapo nilianza upya, na sasa nilianza chini. Tuliinyanyua bodi na watu wa mtaa, tukaiweka juu ya magogo. Nilikwangua kutu kwa brashi ya waya na patasi, nikakata kila kipande kilichokuwa kama mkate, na fundi wa kuchomelea akaweka chuma kipya. Bega lako lilikuwa bado limefungwa, ukakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa ukanisomea hadithi za shuleni. Nilijifunza kufanya kazi bila kuangalia barabarani. Ilikuwa ngumu. Shingo ilikuwa inageuka yenyewe.

Usinihesabie kuwa nilipona. Kwa nini unafikiri niliweka springi ndefu zaidi zikainyanyua juu? Kwa nini niliweka lile bomba la kuvutia hewa linalopanda mpaka usawa wa paa, na tangi la pili, na winchi ya kuvutia magari mbele? Mimi naenda Mtumba na kurudi kwa lami. Sikuhitaji winchi kubebea masufuria. Yona alikuwa ameuza shamba letu la zabibu, akanunua gari jeupe la chini, lenye viti laini, na akasema kwenye mnada kwamba gari la mjane ni la maonyesho. Mimi naijua nchi yetu. Makorongo yetu ni mchanga mtupu karibu mwaka mzima, halafu mvua inanyesha mahali usipopaona, na maji yanakuja bila kubisha hodi. Nilijenga gari linaloweza kupita pale gari la Yona litakapokwama, nikangoja.

Sikungoja sana. Lakini siku ile ulikuwa pamoja nami, na tangu siku ile hatujaizungumza, kwa hiyo acha niiandike jinsi nilivyoiona mimi.

Tulikuwa tunatoka kwenye shamba la uwele, mvua imekatika. Tulipofika ukingoni mwa korongo, gari jeupe lilikuwa katikati, limezama mchangani mpaka kwenye bampa. Maji yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa, yameanza kugusa milango. Mama mkubwa alikuwa ndani ameshika mkoba wake kifuani. Yona alikuwa nje, suruali imekunjwa, viatu mkononi.

"Shemeji!" aliita. "Afadhali umekuja! Leta mnyororo!"

Nilishuka na mnyororo. Nikasimama ukingoni nao mkononi.

"Unangoja nini, Mama Seche? Maji hayo yanaongezeka!"

"Nayaona, shemeji. Nangoja salamu. Hujanisalimia."

Alielewa mara moja. Watu wengine walikuwa wamefika ng'ambo, wachungaji na mbuzi wao, na mmoja ambaye alikuwapo siku ya tanga akaanza kucheka na kuwanong'oneza wenzake. Yona aliangalia maji, akamwangalia mke wake. "Usinifanyie hivi mbele ya watu," alisema.

"Wewe ulinifanyia mbele ya nani?"

Maji yalipanda. Mama mkubwa akasema kutoka ndani, kwa sauti ndogo, akimwita mumewe kwa jina la mtoto wao, "Baba Danieli, msalimie tu." Ndipo Yona, akiwa amesimama majini na viatu vyake mkononi, akasema, "Shikamoo."

"Marahaba," nikajibu.

Na wakati naitikia marahaba yangu niliyoitamani miaka yote ile, mnyororo haukuwa tena mkononi mwangu. Wewe ulikuwa umeshauchukua. Hukungoja salamu. Nilipoangalia, ulikuwa umechuchumaa, umezama mpaka kifuani, umepitisha mkono chini ya gari jeupe kutafuta mahali pa kufunga, kichwa chako kiko pembeni ili upate pumzi. Uliinuka ukasema, "Mama, winchi." Neno moja hilo. Niliendesha winchi. Gari likatoka. Njia nzima mpaka nyumbani ulikamua maji kwenye sketi yako, ukaangalia nje.

Ningependa kukuambia kwamba ile marahaba haikuwa na ladha. Ingekuwa barua nzuri zaidi. Lakini ilikuwa tamu, Seche. Mpaka leo nikiwa peke yangu jikoni huwa naisema tena kwa sauti. Kitu kimoja tu kinaiharibu, nacho ni kwamba nikikumbuka uso wa Yona nakuona na wewe nyuma yake, majini, ukitafuta pa kufunga mnyororo kwa ajili ya watu wawili wazima waliokuwa wanashindana kusalimiana.

Sasa yamekuja haya ya sasa. Jumapili mama mkubwa alipokuja, ulikuwa unafuta kioo cha mbele, na najua ulisikia yote. Alinipigia hodi kama mgeni. Aliniambia Yona miguu imevimba, amevimba mpaka usoni, bodaboda hawezi kuipanda, bajaji wanaikataa barabara yetu tangu mvua iiharibu, na lile gari jeupe lilishauzwa zamani. "Nasikia mtoto anaondoka," alisema. "Ampitishe tu hospitali. Hatakaa mbele. Popote."

Nami nikasema, "Mwambie apande ng'ombe aliojigawia."

Mama mkubwa hakukasirika. Alisema, "Nitamwambia," akafunga vizuri kanga yake akaondoka. Wewe uliendelea kufuta kioo ambacho kilikuwa safi tangu mwanzo.

Nimelifikiria jibu langu tangu siku hiyo, na nimejaribu kulibadilisha, nimeshindwa. Yule mtu alitaka kunirithi kama jembe. Alikutoa wewe, damu ya mdogo wake, kwenye shamba la baba yako, akakuachia kuku. Hajawahi kuniomba radhi, hata siku ile ya korongo; alitoa salamu, na salamu si radhi. Ningekuwa mimi ndiye ninayeondoka kesho, ningepita njia ya reli. Ningepita mashimo yote. Ningemwacha asikilize gari likipita mbali.

Lakini siye mimi ninayeondoka. Jana nilipokukabidhi funguo nilisema gari ni lako, na neno hilo nililisema mbele ya watu. Mtu hawezi kutoa gari akabakiza usukani. Ile hapana yangu ni ya uani kwangu, kuanzia jikoni mpaka getini. Ukishatoka getini haina nguvu, na sitaki uibebe kama mzigo wa kunifurahisha. Nilikukosea mara moja kwa kuangalia baraza la Yona. Sitaki na wewe uondoke nyumbani ukiangalia uso wangu kwenye kioo cha nyuma ili ujue ufanye nini.

Ukimchukua, usimfundishe kitu njiani. Usimwambie mama amesamehe, kwa maana sijasamehe, na usinitolee maneno ambayo sijayasema. Mwamkie kama mtoto anavyomwamkia baba yake mkubwa. Mfungulie mlango wa mbele, mguu uliovimba hauwezi kukunjwa nyuma. Akianza kusifia gari, mwache asifie. Akinyamaza, mwache anyamaze. Mshushe mlangoni kabisa mwa hospitali, mwombe mhudumu kiti cha magurudumu, kisha endelea na safari yako, usingoje shukrani.

Usipomchukua, nitakuelewa kuliko mtu mwingine yeyote Zuzu nzima, na hapo ndipo ninapoogopa.

Kesho sitatoka mpaka barabarani kukupungia. Tutaagana uani, nitakuombea, utawasha. Nitabaki jikoni. Ukipinda upande wa reli nitajua, kwa sababu sauti itahama. Ukienda upande wa Yona sitajua mara moja kama unasimama, maana pale mbele ya nyumba yake kuna bonde na kila dereva hupunguza. Nitasimama na sufuria mkononi nisikilize kama unaongeza gia au unazima.

Ukizima, nitakasirika. Nitakasirika mpaka mchana, nitaosha vyombo kwa kelele, na mtu atakayenisalimia nitamjibu vibaya. Usipige simu kunieleza. Jioni hasira itakapokuwa imechoka, nitapiga magoti niombe ufike Kondoa salama. Wewe kwanza. Halafu, nikiona bado nina pumzi, na miguu ya Yona.

Mama yako anayekupenda,
Mama Seche